Kiti cha Kutazamia Kilimia

Halake wa Darmi alizikwa Jumatano, nami nikaenda kutoa pole Ijumaa baada ya swala, kwa sababu siku mbili za kwanza miguu ilinikatalia. Lori lilipinduka karibu na Gotu likamlalia. Nyumbani kwa mama yake, hapa Wabera, wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, na wazee wawili waliokuwa nyuma yangu walizungumza Kiborana kwa sauti ya watu wanaodhani aliye mbele yao haelewi. Naelewa. Nimekaa Isiolo maisha yangu yote. Mmoja alisema kifo hiki si ajabu, marehemu alipewa jina siku mbaya. Mwenzake akauliza ni nani aliyeichagua siku hiyo, akajibiwa kwamba ni Guyo, babu yake mwenyewe, yule aliyejifanya anazijua nyota. Kisha wakapokea chai. Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka arobaini na mitano: Halake alipoanguka mtihani, ng'ombe wake walipokufa kwa ukame, mke wake wa kwanza alipofunga virago. Kila mara nilikuwa na jambo la kusema, na kila mara nilikumbuka kazi nyingine ya kufanya.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za ukoo wetu nitaziacha. Anayetaka kujua jinsi wajukuu wa askari wa Mwingereza walivyofika Isiolo atawapata wazee wa kumweleza, tena bila kuwaomba. Nilikuwa nikijifunza useremala kwa Fundi Abdi, nyuma ya soko, katika banda la mabati lililokuwa joto kama tanuri kufikia saa nne asubuhi. Tulikuwa watatu: Fundi mwenyewe, kijana wa Kimeru aitwaye Mwiti, na mimi. Tulitengeneza vitanda, milango, na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Saa sita mwanamke mmoja alituletea githeri kwenye sufuria, tukala tumekalia mbao huku unga wa msumeno ukituingia kinywani pamoja na maharagwe. Watu wengi walipita pale kupiga soga, na humo ndimo nilimojifunza kwamba mtu akichekwa mara moja katika banda la fundi, atachekwa mji mzima kabla ya magharibi.

Guyo aliingia asubuhi moja akishika fimbo, mzee mrefu mwenye shingo isiyogeuka. Mwaka uliotangulia alianguka kutoka juu ya lori la mbuzi, na tangu hapo hakuweza kuinua uso. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa tatizo dogo. Lakini Guyo alikuwa ayaantu, yaani mtu ambaye Waborana humwendea kuuliza siku. Siku zao hazina uhusiano na Jumatatu wala Jumanne. Ni ishirini na saba, kila moja na jina lake na tabia yake, na huzunguka bila kusimama. Ayaantu huzihesabu, kisha huihakikisha hesabu yake kwa kutazama mwezi unavyopita karibu na nyota fulani. Kuna siku ya kuhamisha ng'ombe, kuna siku ya kuoa, kuna siku ambayo mwenye akili hafanyi jambo lolote. Guyo aliswali sala zake tano kama sisi sote, na imamu akimnung'unikia alimjibu kwamba hata nyota zina mwenyewe. Sasa shingo ilikuwa imemfungia kitabu chake.

"Nataka kiti ya kulala na ya kukaa," alimwambia Fundi. "Nikitaka nyuma kidogo, inaenda kidogo. Nikitaka sana, inaenda sana. Shingo yangu imekufa. Hii kiti ndio itakuwa shingo."

Fundi hakuwahi kutengeneza kitu kama hicho, na kazi asiyoijua alikuwa akinipa mimi, ili ikiharibika iharibike mikononi mwangu. Guyo alinitazama kwa kugeuza mwili mzima. Akaniuliza nilizaliwa siku gani. Nikasema Jumanne, kama mama alivyoniambia. Akacheka mpaka akashika meza ya randa. Hiyo ni siku ya soko, akasema, mimi nakuuliza siku yako. Kisha akawageukia waliokuwapo akawaambia kwamba mtu asiye na siku ni sawa na mbuzi wa mnadani, anajulikana siku aliyouzwa tu. Mwiti alicheka, Fundi alicheka, na binti yake Guyo, Darmi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake cha maziwa, alicheka akiwa ameziba mdomo kwa mtandio. Darmi alikuwa mke wa mtu, tena mjamzito, wala sikuwa na matumaini yoyote kwake, lakini kicheko kile kilinichoma kuliko vingine. Kufikia jioni nilikuwa naitwa Jumanne ya Soko. Kufikia mwisho wa mwezi, hata wanawake wa maziwa walikuwa hawalijui jina langu halisi.

Nilikitengeneza kile kiti mara tatu. Fremu ya chini ilikuwa ya mgunga, nzito, ili upepo usiitikise. Mgongo ulikuwa wa mbao za saiprasi, umeungwa kwa bawaba mbili. Nyuma ya mgongo kulikuwa na mkono, kipande cha mti kilichoshuka na kukita kwenye meno niliyoyachonga kwa patasi katika fremu, ili ukiusogeza jino moja mgongo ulale zaidi, na ukiurudisha uinuke. Cha kwanza Guyo alikisukuma kwa fimbo kikaanguka. Cha pili aliniamuru nilale mimi mwenyewe, mchana, mbele ya wateja, akaniacha pale akizungumza na Fundi habari za bei ya ng'ombe, na kila nilipotaka kuinuka alinigusa kifuani kwa fimbo. Cha tatu alikilalia, akasema kwamba hata mjinga akipigwa vya kutosha anajifunza. Nilikuwa nimeanza kumchukia, na huku nikimchukia, kila usiku nilikuwa nikifikiria namna ya kuyafanya meno yale yakite bila kucheza. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii ile tena.

Kiti kiliwekwa nyuma ya nyumba ya Darmi, juu ya mawe manne bapa, kikitazama mashariki. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kabla ya adhana ya alfajiri nilikwenda na penseli yangu, Guyo akalala, kichwa chake kwenye kishimo nilichokichonga, na mbele ya uso wake nilikuwa nimefunga ufito mwembamba unaokaa pamoja na mgongo. Alinifanya niusogeze ule mkono wa kiti huku na huku mpaka nyota aliyoitaka iukalie ufito, ndipo akasema "Hapa," nami nikatia alama. Mchana nilichonga jino. Kila nyota ikawa na jino lake. Zile zinazoitwa Kilimia, ambazo kwao ni Busan, zilipata jino la tatu. Baadaye tuliingia chumbani kwake, chumba kidogo chenye ngozi ukutani na harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Darmi alituletea chai ya maziwa ya ngamia na anjera, na mzee akala huku akinieleza makosa yangu yote ya asubuhi hiyo. Mara moja, katikati ya makosa hayo, alisema amekwisha kumtuma Darmi kwa mama yangu kuuliza mvua ilikuwaje nilipozaliwa na mwezi ulikuwa umebaki kiasi gani. Siku yangu ameipata. Ataniambia kiti kikishamaliza mwaka bila kuvunjika. Nilijifanya sijali.

Siri yake niliijua asubuhi moja ya mawingu. Mwezi ulionekana, lakini upande wa Kilimia ulikuwa umefunikwa kabisa, na Guyo akiwa amelala jino la tatu akasema anaziona vizuri, zote saba, zimekaa juu ya ufito. Nikamwambia kuna wingu pale. Akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Mwezi naona," akasema. "Hizo ndogo zimekwisha macho yangu, miezi mbili sasa. Lakini kiti inajua mahali zinakaa. Mwezi ikikalia fito kwa jino yake, mimi najua iko na nani. Umesikia? Ukisema hii kitu, umeniua na mimi bado natembea."

Nikaapa kwamba sitasema. Na sikusema. Kiapo hicho nilikitimiza neno kwa neno, na wala sijivunii.

Darmi alijifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba wake. Kwa Waborana mtoto huyo hapewi jina ovyo. Hufanyiwa sherehe, ukoo wa baba hukusanyika, na siku huchaguliwa na ayaantu. Jina likishatolewa limetolewa, hakuna kurudia. Wakwe walitoka Merti wiki tatu mapema kuzungumza na Guyo, nao wakafikia bandani kwetu, kwa sababu siku hiyo Guyo alikuwa amekileta kiti kitengenezwe. Ule mkono wa nyuma ulikuwa umepasuka. Wakwe walikizunguka kiti, wakakigusa meno, wakauliza ni fundi gani mwenye akili hivi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na msumeno. Nilikuwa nimengoja sifa hiyo karibu mwaka mzima.

"Kiti ni yangu mimi," Guyo akawaambia. "Huyu ni mkono tu. Anaitwa Jumanne ya Soko. Mkono haina siku."

Wakacheka, akawasimulia hadithi nzima ya mbuzi wa mnadani, nao wakacheka tena. Mchana huo nilichonga mkono mpya. Niliuchonga kwa mgunga mkavu, nikaupiga msasa mpaka ukateleza kama pembe, na niliukata mfupi kwa vidole vitatu. Ilikuwa kazi safi, Fundi mwenyewe aliisifu. Mkono ukiwa mfupi mgongo hulala zaidi, na anayelala zaidi hutazama juu zaidi, na mwezi wa alfajiri, ambao kila siku hushuka kidogo kuelekea jua, ungeukalia ufito wake siku moja kabla ya wakati. Nimewahi kujiambia kwamba nilitaka kumwonjesha aibu kidogo tu, kwamba sikufikiria mtoto. Huo ni uongo. Nilijua sherehe iko karibu, nilijua ni jino lipi angelitumia, na nilipoupima ule mti kwa vidole vyangu nilimfikiria mtoto, nikaona watoto huzaliwa wengi.

Guyo alikuwa mjanja kuliko nilivyodhani. Asubuhi mbili kabla ya sherehe aliniita. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, anahesabu kwa vidole, anarudia. Akaniambia vidole vyake vinasema bado siku moja, lakini kiti kinasema hapana. Vidole vya mzee husahau, akasema, nyota hazisahau. Hakuwa akinitania asubuhi hiyo. Uso wake ulikuwa mdogo, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiogopa.

"Jumanne," akaniuliza, "hii mkono mpya ni sawa na ile ya zamani?"

"Ni sawa, mzee," nikamwambia. "Kipimo ni kile kile."

Akaushika, akaupapasa kutoka juu hadi chini kwa kiganja, akaridhika. Angeweza kumwita mtu yeyote mwenye macho aangalie Kilimia. Hakuweza, maana angelazimika kusema kwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wake mwenye macho.

Sherehe ilifanywa siku aliyoitaja. Fahali alichinjwa, wanawake waliimba, mtoto akaitwa Halake, na Guyo aliketi mbele ya watu akiwa amevaa kilemba kipya, akipokea mikono. Nilikula nyama ile. Kesho yake asubuhi lori la Merti, lililokuwa limezuiwa na maji ya Ewaso, likaingia na mzee mmoja wa ukoo wa baba, ayaantu kama Guyo, tena rafiki yake. Akashuka akiwa na furaha, akasema Mungu ni mkubwa, amefika siku yenyewe. Watu wakatazamana. Walipomwambia kwamba jina lilitolewa jana, aliuliza mara tatu kama wana hakika ni jana, kisha akaketi chini. Jana ilikuwa mojawapo ya zile siku ambazo mwenye akili hafanyi jambo lolote. Hakupiga kelele. Alimuuliza Guyo taratibu, mbele ya wote, mwezi ulikuwa wapi na Busan zilikuwa wapi, na Guyo akajibu kwamba aliziona. Yule mzee akasema hawezi kuwa aliziona mahali hapo. Guyo akarudia kwamba aliziona. Aliugeuza mwili wake wote polepole akanitafuta katika watu mpaka akanipata, akanitazama, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kunitaja mimi kungekuwa kujitaja yeye. Akanyamaza, na wao wakauchukua ukimya ule kuwa jibu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza siku tena, isipokuwa watoto. Walisimama kwenye ua wakamwita, mzee, leo ni siku gani, naye mwanzoni alijibu, kwa sababu alikuwa hajui kutojibu. Kila alipotaja jina la siku walikimbia wakicheka. Mimi ndiye niliyejua kwamba vidole vyake havikukosea hata mara moja. Darmi aliacha kusema naye. Aliishi naye ua mmoja, akampikia, akamfulia, lakini chai yake aliipeleka mtu mwingine, na akitaka kumwambia jambo aliuambia ukuta. Nilijipa moyo siku moja nikaenda. Nilikuwa nimebeba msumeno na mkono mwingine wenye urefu ule wa zamani chini ya kwapa, na nilikuwa nimeandaa maneno. Alikuwa ameketi kwenye kiti mchana, mgongo umesimamishwa wima kabisa. Maneno yalinipotea, na badala ya kusema nililolijia, nikamuuliza kama ataniambia siku yangu, maana kiti kilikuwa kimemaliza mwaka.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulizaliwa Jumanne."

Hakusema zaidi. Nikaurudisha ule mkono bandani, na Mwiti akautumia kuchemshia chai. Guyo aliishi miaka minne mingine, akafa kwa kifua, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Sikuambiwa siku yangu, na aliyeijua alizikwa nayo. Hilo limenisumbua zaidi ya linavyostahili, na kama msomaji anashangaa kwamba mtu aliyefanya niliyoyafanya anaweza kujililia, basi bado ana mengi ya kujifunza kuhusu watu.

Ijumaa ile ya msiba, baada ya wale wazee wawili kumaliza yao, niliingia ndani kumpa Darmi mkono. Sasa ni bibi, amekonda, alikuwa ameketi sakafuni ameegemea gunia la mchele. Nikamwambia salaam aleikum, nikampa pole, akaniambia nikae. Akasema kama anayeendelea na mazungumzo yaliyoanza zamani kwamba baba yake ndiye aliyemuua mtoto huyu, ila alimuua polepole. Akasema baba yake alipokuwa anakata roho alimwita yeye kwa jina lake la utotoni, naye Darmi alikuwa mlangoni, hakuitika. Alilisema hilo bila majuto. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia vidole vitatu, nilimwambia macho, nilimwambia lile swali na lile jibu langu. Nilisema haraka, nikitazama mkeka. Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Hii maneno umeambia nani?"

"Wewe tu, mama."

"Mimi moja si watu," akasema. "Baba yangu aliaibishwa mbele ya watu. Ngoja."

Ndiyo desturi yao, na nilipaswa kujua. Neno la siri kwao si neno. Kosa likitendwa hadharani husemwa hadharani, na mpaka lisemwe hivyo hakuna lililosemwa. Akaita. Wakaja wanawe wawili waliobaki, wajukuu, mjane wa Halake, na kutoka chini ya turubai wakaja wale wazee wawili na wengine sita au saba, wakaketi wakijaza chumba mpaka mlangoni. Akaagiza chai. Akawaambia kwamba fundi huyu ana jambo kuhusu Guyo, wamsikilize. Wote wakanigeukia. Mmoja wa wale wazee aliweka kikombe chini ili asikie vizuri. Mtoto mkubwa wa Halake, kijana ambaye juzi alikuwa ameshika koleo la udongo wa babake, alinitazama kwa heshima.

Nikawaambia kwamba Guyo alikuwa mtu wa heshima. Nikawaambia kwamba nilipokuwa kijana nilimtengenezea kiti, cha mgunga na saiprasi, na kwamba alinifundisha kazi kuliko fundi yeyote. Nikasema Mungu amrehemu, na amrehemu Halake. Wakaitikia amin. Yule mzee akasema ni vizuri kumsema marehemu kwa wema hata kama alikosea, na kijana akaniinamia akanishukuru.

"Umemaliza?" Darmi akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

Akanisogezea kikombe changu kwa mkono wake mwenyewe. "Basi kunywa chai," akasema, nami nikainywa yote, nikaomba ruhusa, nikaenda zangu.